Sebleni kwa Wazee: Deni la Mji kwa Waliouchukulia Mizigo



Hapa mjini Unguja kuna pahala panaitwa Sebleni kwa Wazee. Watu hushuka gari hapo, huelekezana majumba hapo, na masika yakizidi jina hilo husikika redioni kwa sababu ya maji kutuama mabondeni. Ukimuuliza kijana wa leo wazee hao ni wepi, yumkini atakujibu kwa mkato: ni wale waliotupwa na watoto wao. Jawabu hilo limeshazoeleka. Utalisikia barazani, utalisikia katika mawaidha, na mara nyengine utalisikia hata kwa viongozi wanaokwenda kutoa zawadi za sikukuu.

Mzee aliyeachwa na mwanawe yupo, hilo sikatai. Lakini tukiuliza nyumba zile zimekujaje, jawabu hilo haliingii. Leo basi nataka tufuatane na historia yenyewe, tuone mji huu ulianza vipi kuwapa makaazi wazee wasio na mtu, nani alikuwa akilipa, na walikuwa wazee gani. Na nitakwambia mapema ninapoelekea. Nyumba za wazee hapa petu zimezaliwa na kazi. Mji huu ulijengwa kwa migongo ya watu ambao hawakuwa na jamaa mjini, na walipozeeka, mji ulijikuta una deni.

Tuanze na zama za karafuu. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mashamba ya karafuu yalikuwa yanatanuka kila upande, na mikono ya kuyalima ilikuwa ya watumwa waliovushwa kutoka bara, wengine kutoka mbali, kandokando ya Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la hapa mjini lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash alipobanwa na Waingereza akatia saini mkataba. Lakini utumwa wenyewe haukumalizika siku ile. Ilibidi kungojea dikrii ya tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Seyyid Hamoud bin Mohammed, ndipo sheria ikaacha kumtambua mtu kuwa mali ya mtu mwengine. Na hata hapo masuria waliachwa nje, mpaka 1909.

Sasa tega sikio. Dikrii ile ya 1897 ilimpa fidia bwana aliyepoteza mtumwa wake. Mtumwa aliyepata uhuru hakulipwa kitu. Zaidi ya hayo, sheria ilimtaka aonyeshe kwamba ana pahala maalumu pa kukaa na ana njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, huhesabiwa mzururaji. Kijana mwenye nguvu angeweza kulibeba sharti hilo. Alikwenda bandarini, akabeba magunia, akapanga chumba. Lakini mfikirie mtu wa miaka 60 na zaidi, aliyechukuliwa kwao angali mtoto, jina la baba yake analikumbuka kwa shida, kijiji chao hajui kiko upande gani wa ziwa, na nguvu zake zote zimebaki ndani ya shamba la mtu. Huyo angeonyesha nyumba gani? Siku aliyotamkiwa kuwa huru ndiyo siku aliyotakiwa awe na nyumba.

Wengi walibaki palepale shambani, wakapewa kipande cha kupanda muhogo, na wao wakaendelea kumfanyia kazi mwenye shamba. Wengine walikuja mjini. Na kuja mjini kwa masikini wakati ule kwa kawaida kulikuwa na maana moja, kuvuka hori la Mji Mkongwe na kukaa upande wa pili, Ng'ambo.

Hapo Ng'ambo ndipo tunapoukuta msaada wa mwanzo wa makaazi, nao ulikuwa wakfu. Mwenye ardhi au nyumba aliweza kuifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yaende kwa aliowataja mwenyewe. Wako waliotaja msikiti, wako waliotaja kizazi chao, na wako waliotaja masikini na watu waliowaacha huru. Kwa njia hiyo mtu aliyetoka utumwani aliweza kusimamisha kibanda chake cha udongo na makuti juu ya kiwanja cha wakfu, akakaa bila ya kodi mpaka siku yake. Mwengine alipata chumba ndani ya nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Hakuna ofisi wala afisa aliyeuita huo mpango wa makaazi ya wazee, lakini kazi hiyo uliifanya.

Tena juu ya viwanja vile wanawake wengi walijenga nyumba zao wenyewe. Unaijua nyumba ya Ng'ambo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na kisima. Bibi aliyekuwa nayo nyumba kama hiyo alilala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Barazani alikaanga vitumbua, uani alisuka ukili. Huyo hakuhitaji kupelekwa popote. Nyumba ndiyo iliyokuwa pensheni yake, na majirani ndio waliokuwa jamaa zake.

Ila mpango huu ulikuwa na ufa. Ulisimama juu ya nia ya mtu mmoja, na mtu hufa. Mwaka 1905 serikali ya Himaya ya Waingereza iliunda Kamisheni ya Wakfu, na mambo yaliyokuwa yakienda kwa kauli na uaminifu yakaanza kwenda kwa daftari na risiti. Mji nao ukapanuka, kiwanja cha Ng'ambo kikawa na thamani, na wenye ardhi wakaanza kudai kodi pale ambapo zamani watu walikaa bure, kisha wakaipandisha. Ikafika mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa kodi ya viwanja. Mwanahistoria Laura Fair ameueleza mgomo huo kwa urefu, na ukimsoma utaona kuwa waliogoma hawakuwa wakigombania senti tu. Walikuwa wakigombania wazo kwamba masikini aliyejijengea nyumba ana haki ya kuzeekea ndani yake.

Tuvuke upande mwengine sasa, twende Welezo.

Mapadri Wakatoliki walifika Unguja mwaka 1860, miaka minane kabla ya kufungua misheni yao ya Bagamoyo. Kazi zao za mwanzo hapa zilikuwa za wagonjwa na za watoto waliokombolewa. Baadaye, nje ya mji, Welezo, wakawa na makaazi ya masikini na ya watu wenye ukoma. Masista ndio waliowahudumia, na serikali ya kikoloni ikawa inachangia gharama. Kwa hiyo mji wenye misikiti kila uchochoro, wazee wake wasio na mtu wakawa wanaoshwa na kulishwa na watawa wa dini nyengine. Nalitaja hili kwa heshima ya masista hao, kwani walifanya kazi ambayo wengine wetu tuliipita njiani.

Sasa nani aliyekuwa akiishia Welezo? Hapa ndipo pana kiini cha mazungumzo ya leo. Baada ya utumwa, kazi nzito za visiwa hivi zilifanywa kwa sehemu kubwa na watu waliovuka kutoka bara kwa hiari yao kutafuta kibarua: Wanyamwezi, Wamanyema, watu wa kusini ya Tanganyika na wa upande wa Nyasa, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Walikuja kupalilia na kuchuma karafuu, wakawa mahamali bandarini, wakawa wapagazi, wapishi, mabaharia, wachimba mitaro na wajenga barabara. Wengi walikuja vijana, peke yao, wakiwa na niya ya kurudi wakishapata chochote. Wako waliorudi. Wako waliooa na kuzaa hapa, na wajukuu wao leo ndio sisi. Na wako ambao miaka iliwapita wakiwa chumba cha kupanga na wenzao, nauli ya kurudi haikutimia, na kwao wakaacha kutarajiwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mji huu uliwapa wageni jembe, ukawapa na gunia la karafuu, na kamba ya meli. Methali yenyewe inanyamaza juu ya siku ambayo jembe litamshinda.

Na sheria za wakati ule nazo zilinyamaza. Pensheni ilikuwa ya afisa wa serikali. Hamali alilipwa kwa kazi aliyoifanya, akiugua halipwi, akizeeka harudi tena getini. Mwezi wa Agosti 1948 wafanyakazi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea hata mji mzima ukasimama. Walidai mshahara, kwa sababu maisha yalikuwa yamepanda baada ya vita. Lakini tazama mshahara wenyewe unavyohusiana na mada yetu. Mtu ambaye ujira wa mwezi unakwisha kabla ya mwezi hawezi kujenga, na asiyejenga ujanani atalala wapi uzeeni? Ukiona nyumba ya masikini imejaa wanaume watu wazima wasio na mke wala mtoto, usianze kuuliza watoto wako wapi. Uliza kwanza walikuwa wakilipwa nini.

Msikilizaji, tunafika sasa kwenye Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, alikuwa mtu wa bandarini. Ujanani alikuwa baharia, baadaye akaongoza chama cha wenye mashua za kuchukulia abiria melini. Chama chake cha siasa kilikuwa na mizizi miongoni mwa mahamali, wachumaji na wapangaji wa Ng'ambo. Watu hao ndio waliokuwa wakizeeka bila ya kitu, na yeye aliwajua kwa majina. Serikali yake ikatangaza ardhi yote kuwa mali ya Serikali, na ikaanza kuwagawia wakulima eka tatu tatu. Elimu ikawa bure, matibabu yakawa bure.

Lakini eka tatu zinamfaa mwenye nguvu ya kulima. Hamali aliyevunjika mgongo, au mchumaji ambaye hawezi tena kupanda mkarafuu, ukimpa eka tatu umempa mzigo mwengine. Kwa watu wa namna hiyo, katika miaka ya mwanzo ya Mapinduzi, zikajengwa nyumba za wazee hapo Sebleni, ndani ya Ng'ambo yenyewe. Pemba nako kukawa na makaazi ya wazee Limbani, Wete. Na makaazi ya Welezo leo yamo katika hesabu ya makaazi ya wazee ya Serikali, sawa na Sebleni.

Mabadiliko ya hapa ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwa macho. Chini ya wakfu, mzee alikaa kwa sadaka ya tajiri. Chini ya misheni, alikaa kwa huruma ya watawa. Sebleni, kwa mara ya kwanza, alikaa kwa sababu Serikali imekubali kuwa ana haki ya kukaa. Alipewa chumba, chakula, matibabu na posho, na hakuulizwa kabila lake wala bara alikotoka. Na alipewa hayo mjini, pahala penye duka, msikiti na watu wanaopita, si kando ya mji kama mtu wa kufichwa. Huko Bara, baadhi ya makaazi ya wazee yalianza kama makaazi ya watu wenye ukoma, na mengine yako mbali na miji mpaka leo. Sebleni imezungukwa na mitaa. Uamuzi wa kuiweka pale ulikuwa uamuzi mzuri, na inafaa usemwe.

Wakati huohuo mji ulikuwa unabomolewa na kujengwa upya. Wajerumani wa Mashariki walisaidia majumba ya Kikwajuni katika miaka ya 1960, kisha yakafuata yale ya Michenzani, ambayo watu wameyapa jina la treni kwa urefu wake. Familia zilizobomolewa nyumba zao za udongo zilipewa flati. Palikuwa na umeme, palikuwa na saruji, na kwa wengi ilikuwa ni hatua kubwa. Lakini mkumbuke yule bibi wa Ng'ambo aliyekuwa akipangisha vyumba na kukaanga vitumbua barazani. Flati alipata. Vyumba vya kupangisha na baraza ya biashara havikupanda ngazi pamoja naye. Na ngazi zenyewe, kwa mtu mwenye maumivu ya magoti, akiwa na ndoo ya maji mkononi kwa sababu mabomba ya juu hayatoi, ni adhabu. Mji ule uliowajengea Sebleni wazee wasio na mtu uliwasahau wazee wenye watu, waliokuwa wanaishi ghorofa ya nne.

Baadaye ikaja dhiki. Bei ya karafuu iliporomoka duniani katika miaka ya 1980, na karafuu ndiyo iliyokuwa ikilipia karibu kila kitu. Serikali ikipungukiwa, wa kwanza kuhisi ni yule asiye na wa kumsemea. Majengo ya wazee yakachakaa, mapaa yakavuja, posho ikapoteza thamani. Hapo ndipo ilipoota mizizi ile tabia tunayoijua sote, ya mzee kutegemea msafara wa wageni. Ramadhani ikikaribia gari zinaingia na mchele, sukari, tende na unga wa ngano. Wanapigwa picha, wanaombewa dua, gari zinaondoka. Mwezi wa Mfunguo Nne hakuna anayekumbuka njia. Sisemi mtu asitoe sadaka, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba kile kilichoanza kama haki kilikuwa kinarudi taratibu kuwa huruma.

Hatua iliyobadilisha mambo ilikuja Aprili 2016, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein. Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii: kila mkaazi wa Zanzibar aliyefikisha umri wa miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kila mmoja, msikilizaji. Aliyewahi kuwa mwalimu na aliyekuwa mvuvi, mwenye watoto tisa na asiye na hata mmoja, aliyewahi kuchangia mfuko na asiyejua mfuko ni nini. Fedha zilitoka katika bajeti ya Serikali yenyewe, na kwa Afrika Mashariki mpango wa namna hiyo ulikuwa wa kwanza. Kenya ilifuata na wake wa wazee wa miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, mwaka 2018. Nyuma ya hatua hiyo palikuwa na Sera ya Hifadhi ya Jamii ya 2014, na palikuwa na wazee wenyewe, kupitia jumuiya yao ya JUWAZA, waliokwenda kwenye ofisi na kudai.

Elfu 20 za mwaka 2016 hazikufika hata dola kumi za Kimarekani. Kulikuwa na watu wakicheka: elfu 20 itamfanyia nini mzee? Lakini tazama siku ya malipo ilivyokuwa pale mwanzo, fedha zilipokuwa zikitolewa mkononi katika vituo vya shehia. Skuli au banda la mkutano, viti vimepangwa, sheha yupo na orodha yake. Bibi ameingia na mtandio mpya, kitambulisho amekifunga pembeni ya kanga. Babu ameletwa na mjukuu wake kwa baskeli, bakora imelazwa juu ya usukani. Anaitwa jina lake kamili, la baba na la babu. Anasogea mezani, anaweka dole gumba, anahesabiwa noti zake mbele yake. Wapo waliokuwa hawajawahi maishani mwao kuitwa mezani na Serikali kwa ajili ya kupewa. Akirudi nyumbani ananunua dawa ya pumu, anampa mjukuu nauli ya skuli, na ile sukari ya chai siku hiyo imetoka kwake.

Angalia pensheni hiyo ilifanya nini kwa suala la makaazi. Mzee anayeingiza chochote ndani ya nyumba, japo kidogo, ana neno ndani ya nyumba. Haonekani mzigo. Mpwa wa mbali aliyesitasita kumchukua anaweza kumchukua. Jirani anayempikia hahisi amebebeshwa peke yake. Kwa maana hiyo, Pensheni Jamii ni mpango wa makaazi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu inamwezesha mzee kubaki pale alipozoeleka, kwenye msikiti wake, kwenye baraza yake, kwa watu wanaomjua kwa jina. Mwaka 2023, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Kabla yake, mwaka 2020, ilipatikana sheria maalumu ya masuala ya wazee. Tumetoka mbali tangu ile dikrii iliyomwambia mzee asiye na nyumba kwamba yeye ni mzururaji.

Je, basi nyumba za Sebleni na Welezo zifungwe? Hapana. Pensheni humfaa mzee aliye na ukuta wa kuegemea, hata kama ni wa jirani. Asiye na mtu kabisa, aliyepoteza macho, aliyepooza, hazimtoshi noti. Anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani, kumfulia shuka na kumpeleka hospitali saa nane za usiku. Kazi hiyo ni ya taasisi, na taasisi inataka wafanyakazi waliosomea kazi hiyo na kulipwa vizuri, siyo msafara wa Ramadhani. Vyote viwili vinahitajika: fedha kwa walio wengi wanaozeekea majumbani, na nyumba nzuri kwa wale wachache wasio na pa kushika.

Sasa tuje kwetu sisi tulio na nguvu leo. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Miaka kumi kabla tulikuwa 1,303,569. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, yaani karibu nusu ya nchi imekusanyika katika mji huu na vitongoji vyake. Wengi wetu ni vijana. Na wengi wa vijana hao wanafanya kazi gani? Wanaendesha bodaboda. Wanafanya kazi hotelini kwa mikataba ya msimu, utalii ukilala na wao wanalala. Wanachoma mishikaki Forodhani, wanauza kanga Darajani, wanaanika dagaa, wanalima mwani, wanachanganya zege katika majengo mapya. Wengine wamevuka kutoka Bara, kama walivyovuka wale wa zamani, kijana peke yake na begi lake, niya ni kurudi akishapata chochote.

Unaiona picha ya hamali wa 1948? Kipato cha siku kwa siku, chumba cha kupanga, mfuko wa hifadhi hauna jina lake. Tofauti ni kwamba huyu ana simu mkononi. Baada ya miaka 40, kijana huyu atafikisha 70, na hatakuwa peke yake. Watakuwa maelfu kwa maelfu. Siku hiyo wajukuu zetu wakisema wazee hawa wametupwa na watoto wao, watakuwa wanarudia kosa letu. Watakuwa hawakuuliza walilipwa nini na nani aliwawekea akiba.

Kwa hiyo nina maneno matatu, kisha nikuache uendelee na shughuli zako.

La kwanza, kwa wanaopanga na kujenga mji. Magorofa yanaota kila upande hivi sasa. Zitengwe nyumba za chini kwa ajili ya wazee na kwa familia zenye wazee, iwe sharti la kibali na isiwe hisani ya mjenzi. Paachwe na baraza, kwani mzee wa mji huu asiye na baraza amefungwa. Na nyumba za wakfu zilizochakaa Mji Mkongwe, zile zilizofungwa kwa ajili ya masikini, zitengenezwe zirudi kwenye kazi waliyoikusudia wenyewe waliozitoa.

La pili, kwa waajiri na kwa vijana. Mwenye hoteli, mwenye duka, mwenye kampuni ya ujenzi, muandikishe mfanyakazi wako katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, na umchangie. Mchango huo ni sehemu ya ujira wake. Na wewe unayejitegemea, ipo milango ya kuchangia kwa hiari. Elfu chache za kila mwezi ujanani zina faida kuliko futari ya kuletewa uzeeni.

La tatu ni kwako, msikilizaji wa kawaida. Kama nyumbani kwako au mtaani kwako kuna mtu aliyetimiza miaka 70 na hapati Pensheni Jamii, mfuate sheha wako wiki hii, na uchukue kitambulisho cha mzee huyo. Asipoweza kutembea, wewe ndiye mguu wake. Na ukikata shauri kwenda Sebleni au Welezo, nenda mwezi ambao hakuna wageni, ukae usikilize mzee alikuwa akifanya kazi gani. Barabara unazopita, bandari inayokuletea mchele na karafuu iliyosomesha taifa hili, vyote vina jasho lake. Anachopewa leo ni mshahara wake uliochelewa, na mji hauna haki ya kuuita sadaka.